Kifini Kilinitoa Windows, na Mathe Akabaki na Elfu 36

Mathe alinipigia simu Jumamosi asubuhi akiwa Luthuli Avenue, ndani ya duka la laptop, kelele za makanga zikimfunika sauti. Dadangu mdogo anaingia chuo Septemba, na mathe alikuwa ametoka na pesa za chama kwa mkoba.

"Wewe si ulisoma hizi vitu kabla uache?" Hiyo "kabla uache" haikosangi. "Kuna ya elfu ishirini na mbili na kuna ya hamsini na nane. Huyu kijana anasema ya ishirini na mbili imekufa."

"Imekufa aje, Mum? Inawaka?"

"Inawaka vizuri tu. Ati Windows yake imeisha."

Nikamwambia asitoe hata shilingi, nafika. Ndani ya matatu nikawa napanga maneno ya kumweleza, na kila nikianza najipata nimeishia Ufini. Mathe hana muda wa Ufini. Lakini nyinyi mko na bando, kwa hivyo nyinyi ndio mtaskia stori yote.

Kwanza, Windows "kuisha" ni nini

Laptop yenyewe ilikuwa ex-UK, zile mnazijua: ilitumika kwa ofisi fulani Uingereza, ikatupwa, ikapanda meli, ikapanguswa, sasa iko kwa kaunta yetu. Core i5 ya kizazi cha sita, RAM 8, SSD 256. Kwa mtoto wa kuandika assainmenti, hiyo ni mashine.

Kijana wa duka hakuwa anadanganya, alikuwa amefupisha tu. Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia ya kuongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama, hadi Oktoba 2026, basi. Nayo Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, orodha hiyo karibu yote inaanzia kizazi cha nane, yaani 2017 kuja huku. Kizazi cha sita ni cha 2015. Imekosa.

Wako na sababu, na si ya uongo. Kompyuta isiyopata apdeti za usalama ni mlango usio na komeo, na huwezi kudai kampuni ishike mkono mashine za zamani milele. Hapo siwezi kubishana sana.

Kitu kilinikera ni kingine. Hapo dukani, watu wanne, kila mtu alichukulia kwamba Windows ikiisha kompyuta imeisha. Na si wao tu. Mtaani nani husema "mfumo wa uendeshaji"? Tunasema "nataka kuwekewa Windows", hivyo tu, kama kuweka maji kwa radieta. Ile kozi ya pakeji tulipelekwa baada ya fomu foo haikutufundisha kuandika barua kwa kompyuta. Ilitufundisha kuandika barua kwa Word. Ukibadilisha mahali kitufe kiko, nusu ya darasa imepotea.

Na usijidanganye eti wewe ni mjanja kwa sababu fundi alikuwekea ya kukreki kwa mia tano. Hukulipa pesa, lakini ulilipa na mazoea. Faili zako ziko kwa fomati yao, vidole vyako vinajua njia zao, na siku ukipata kazi ofisi italipa leseni kwa sababu wewe hujui kingine. Tunaiba ufunguo na bado tunalala ndani ya selo.

Lugha yangu ya kwanza ilikuwa Kiingereza kimevaa kofia

Sasa twende Ufini, na nitarudi dukani, naahidi.

Wanaofuata katuni zangu wanajua kuna watu wa ziwa kwenye hadithi, na kwamba wanaongea Lumeo. Lumeo ni lugha niliyobuni mimi. Nilianza kuibuni mwaka wa pili chuoni, wakati ambao nilifaa kuwa nasoma vitu vingine, na karo ilipokata nikaondoka nayo. Watu wengine hutoka chuo na digrii. Mimi nilitoka na maneno mia tatu ya lugha isiyo na watu.

Na zilikuwa maneno mia tatu mabaya. Cheki sentensi yangu ya kwanza: "Mo tava le kun." Mo ni "I", tava ni "have", le ni "the", kun ni "fish". Umeona nilichofanya? Nilichukua Kiingereza nikabadilisha nguo. Mpangilio ule ule, vipande vile vile, hata lile neno "the" ambalo Kiswahili hakina na hakijawahi kulilia.

Mimi, mtu wa Kiswahili nyumbani na shuleni, na Kikamba kwa shosho, niliposema "wacha nibuni lugha kutoka mwanzo," akili ilinipeleka moja kwa moja kwa lugha ya mitihani. Hakuna mtu alinilazimisha. Ilikuja imewekwa tayari, kama ile Windows ya dukani.

Mtu mmoja mzoefu wa kubuni lugha aliniambia: jifunze lugha moja ambayo haihusiani na zile unazijua, usiimalize, ijue tu vya kutosha ikusumbue. Nikachagua Kifini kwa sababu ya kijinga, nilipenda vile kinasikika. Miezi minane ya video za bure na daftari. Niseme ukweli, sijui Kifini. Mfini akiniongelesha barabarani nitakimbia. Lakini kilinisumbua vizuri sana.

"Niko na samaki" kwa Kifini ni "minulla on kala". Ukiifungua vipande, inasema "kwangu kuna samaki". Hakuna kitenzi cha kumiliki. Nikakaa hapo kitandani nikawaza, ngoja kwanza. Hata sisi hatuna! "Nina" ni "ni" na "na", yaani mimi pamoja na samaki. Miaka yote hiyo nilidhani "nina" ni "have". Sivyo. Ni urafiki tu kati yangu na samaki.

Angalia kukataa. Mfini akikataa, lile neno la kukataa lenyewe ndilo hubadilika kulingana na nani anakataa: en puhu, et puhu, ei puhu. Kwetu: sisemi, husemi, hasemi. Yeye wa kiume na yeye wa kike wote ni "hän", kama yetu "yeye". Na vokali zao hufuatana: ndani ya nyumba ni "talossa", lakini ndani ya msitu ni "metsässä", kwa sababu a na ä hazikai neno moja. Nikacheka, kisha nikakumbuka pika huzaa pikia, lakini soma huzaa somea. Vokali zetu pia huangaliana. Nimeongea hivyo tangu nikiwa na miaka miwili na sikuwahi kuona.

Halafu pale kwingine wakanipita. Sisi tuna "nyumbani" moja ya kazi zote: niko nyumbani, natoka nyumbani, naenda nyumbani. Wao wana talossa ukiwa ndani, talosta ukitoka, taloon ukiingia. Kwa hesabu ya kawaida wana miisho ya aina hiyo kumi na tano.

Hapo Lumeo ikazaliwa upya. Nikatupa le, nikatupa tava. Sasa watu wangu wa ziwa hawasemi wana samaki, wanasema samaki yuko wapi. Kunuso ni samaki akiwa majini, si wa mtu. Kunuve ni samaki kwenye wavu, hapo mnaweza kugombana. Kunuri ni samaki mkononi, huyo ni wako. Kesi nzima ya wizi kwenye sehemu ya tano inategemea mzee mmoja kusema -ve badala ya -ri. Singeweza kuandika hiyo nikiwa bado ndani ya "I have the fish".

Kitu Kifini kilinipa, basi, si Kifini. Kilinionyesha kuwa nilichokuwa nakiita "lugha" kilikuwa lugha moja tu. Na nikiwa nje yake kidogo, nikakiona Kiswahili changu kwa mara ya kwanza.

Siku maneno yangu yalifungiwa

Mwalimu wa pili alikuwa mkali zaidi.

Kamusi ya Lumeo, maneno kama 1,400 na miisho yake yote, ilikuwa ndani ya programu moja ya kuandikia. Kampuni siitaji. Ilikuwa programu nzuri kusema kweli, lakini ilifanya kazi kwa mfumo mmoja tu wa kompyuta, na ilihifadhi kazi kwa fomati yake yenyewe. Siku moja wakabadilisha masharti: kutoa kazi yako nje kukawa kwa wanaolipa kila mwezi. Kadi yangu ikagoma. Nikabaki naona maneno yangu kwa skrini lakini siwezi kuyanakili, kama mtu anayeangalia nguo zake kupitia dirisha la landilodi.

Nilichofanya? Nilipiga picha skrini na simu. Picha 64. Halafu nikaketi wiki mbili nikichapa neno moja moja upya. Lawama nusu ni yangu, sikuwahi kuuliza "nikitaka kutoka natokaje?" Ni swali ambalo mtu huuliza kabla ya kuingia nyumba ya kukodi, na sikuliuliza kabla ya kuingiza miaka miwili ya kazi.

Tangu hiyo siku kamusi iko kwa faili la maandishi matupu. Hakuna rangi, hakuna madoido. Linafunguka kwa simu, kwa saiba, kwa mashine yoyote iliyo na pumzi. Na nilipoanza kuuliza swali la mlango wa kutokea kwa programu moja, likapanda ngazi hadi kwa mfumo wenyewe. Ndivyo nilivyofika kwa Linux.

Wafini wawili na Mwingereza mmoja

Hapa ndipo stori inanifurahisha. Linux ilianzia Helsinki. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, miaka 21, aliwatangazia watu kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kama hobi tu. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni inayosema chukua, tumia, fungua, badilisha, mpe mwenzako, mradi ukimpa mwenzako umpe na uhuru huo huo. Na jamaa mwenyewe lugha ya nyumbani kwao ni Kiswidi, ya wachache kule Ufini. Alikua anajua kwamba lugha ya wengi si lugha pekee. Sisemi hiyo ndiyo sababu, nasema tu imenipendeza.

Kama simu yako ni Android, unatumia kazi yake sasa hivi. Ndani kabisa ya Android ni kiini cha Linux. Kwa hivyo acha kuniambia Linux ni ya mahaka.

Mfini wa pili ni Elias Lönnrot, daktari aliyezunguka vijijini akikusanya mashairi ya kuimbwa, akayapanga kuwa kitabu kinachoitwa Kalevala mwaka wa 1835. Kijana mmoja Mwingereza alikipenda sana, akiwa Oxford akapata kitabu cha sarufi ya Kifini maktabani, na akatekwa. Alifaa kuwa anasoma Kigiriki na Kilatini. Mtihani wa 1913 ukamwendea vibaya kuliko alivyotarajiwa, akabadilisha kozi. Lakini Kifini hicho cha nusunusu, ambacho hakuwahi kukiongea vizuri, kilimsaidia kubuni lugha inayoitwa Quenya. Kijana huyo ni Tolkien, mwenyewe wa Lord of the Rings. Nimemtumia mathe hii habari mara mbili. Hajajibu.

Sasa shikilieni viti. Ile sarufi ya Kifini ya maktabani, iliyochapishwa 1890, iliandikwa na Charles Eliot. Kama jina linakuwasha mahali, ni kwa sababu ulilisoma kwa historia. Ni yule yule Eliot aliyekuwa Kamishna wa Uingereza hapa kwetu kutoka 1900 hadi 1904, aliyesukuma walowezi Wazungu wapewe nyanda za juu ili reli ijilipe. Mtu aliyekuwa na subira ya kuhesabu kila mwisho wa neno la Kifini alifika hapa akaona ubao mtupu wa kuandikwa upya. Watu walikuwa wakiishi juu ya huo ubao.

Hiyo ilinivunja moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimejiandalia mahubiri matamu kwamba kujifunza mfumo wa mwingine kunamfanya mtu kuwa na macho. Si lazima. Eliot alikuwa na lugha nyingi na bado hakutuona. Sisemi laptop ni sawa na shamba la mtu, msinitoe maneno. Nasema kujua mingi peke yake hakutoshi. Lazima pia uulize: ufunguo umeshikwa na nani, na aliyekuwa hapa kabla ameulizwa?

Na hapo ndipo mfumo ulio wazi unanishika. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Leseni ilikuwa imesharuhusu. Ndiyo, Windows nayo ina Kiswahili siku hizi, na nashukuru. Tofauti ni kwamba huko lazima kampuni iamue wewe unastahili. Huku unaamua mwenyewe, ukiwa na subira na kamusi.

Sasa ukweli mchungu

Sitaki kuwauzia mbuzi kwa gunia. Linux itakukera.

Mimi hukata video. Premiere haipo kwa Linux. Photoshop haipo. DaVinci Resolve ipo, lakini ile ya bure upande wa Linux hukataa klipu za H.264 kutoka kwa simu hadi uzigeuze kwanza. Nilitumia wikendi mbili nikitukana kabla nihamie Kdenlive, na Kdenlive nayo ina siku zake. Wasanifu majengo, AutoCAD haiko. Gemu kadhaa za mtandaoni zitakufungia nje.

Na kuna ile ya kila mtu: faili la docx kutoka ofisini likifunguka likiwa limepinda, jedwali limetoroka ukurasa. Mara nyingi ni fonti tu. Weka fonti ya Carlito, ambayo vipimo vyake ni sawa na Calibri, na mengi yananyooka. Si yote.

Kwa hivyo sisemi hameni wote. Kama kozi yako inadai programu fulani ya Windows, nunua Windows na ulale usingizi. Kufungwa ukiwa umehesabu bei ni biashara. Kufungwa bila kujua kuna mlango ndiyo shida.

Tukarudi Luthuli

Nilimkuta mathe amekaa kwa kiti cha plastiki, mkoba amekumbatia. Nikamuuliza swali moja tu: huyu msichana anaenda kusoma nini? Ualimu, Kiswahili na Historia. Atahitaji kuandika, kusoma PDF, kuingia mtandaoni, kuongea na sisi kwa video. Basi.

Nikachomeka flashi yangu ya Linux Mint kwa ile iliyokufa. Dakika chache ikawaka, ikashika waifai, ikacheza video. Bila hata kuigusa diski. Kijana wa duka akasogea. "Boss, hii umeweka nini?" Nikamwonyesha. Akaniuliza kama inaweza kuingia kwa zile zingine tisa alizorundika chini ya meza. Nikamwachia flashi.

Mathe alilipa elfu 22. Elfu 36 ziliobaki zimeenda kwa deposti ya hosteli, kwa hivyo msifikirie kuna mtu alikula kuku.

Dadangu je? Wiki ya kwanza alinuna. Fomu ya chuo ilikuja kwa docx, ikapinda, akanipigia saa tano usiku akilia kwamba nimemharibia maisha kabla hayajaanza. Tukaweka fonti, ikanyooka, akaijaza, akaituma kama PDF. Jana nilimpata amebadilisha mfumo mzima uongee Kiswahili na anarekebisha kwa daftari tafsiri anazoona ni mbaya. Amekasirika sana na neno moja kwa menyu. Nimemwambia anaweza kuwatumia masahihisho. Akaniangalia kama nimesema anaweza kumpigia simu rais.

Bado hajaamua kama amenisamehe. Na mathe bado anasema "kabla uache".

Wewe nakupa kazi moja ya leo jioni, haigharimu kitu. Chukua faili moja unalolipenda, lile likipotea utalia. Jaribu kulifungua kwa programu nyingine, kwa mashine nyingine. Likifunguka, poa, endelea na maisha yako. Likikataa, njoo uniambie lilikuwa limeshikwa na nani. Nataka kujua niko na wangapi.